Uvukaji wa mipaka katika Jumuiya ya Afrika Mashariki

Uvukaji wa mipaka katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni utaratibu unaosimamia jinsi bidhaa na watu wanavyopita kutoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine, na jinsi polisi wa nchi hizo wanavyoshirikiana. Utaratibu huo unatokana na Mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, pamoja na itifaki zilizofuata: ya Umoja wa Forodha (2004), ya Soko la Pamoja (2009) na ya Amani na Usalama (2013).

Biashara, uhamiaji na polisi havikwenda kwa mwendo mmoja. Bidhaa zilifunguliwa njia kwanza. Watu walifuata, lakini kwa masharti mengi. Polisi wanashirikiana kwa sehemu kubwa kupitia chombo kingine kabisa, chenye nchi nyingi kuliko Jumuiya. Kwa sababu hiyo gunia la mahindi, mwenye gunia na mwizi wa gunia hilo wanapofika mpakani kila mmoja anakutana na sheria yake.

Historia fupi

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kuanzia mwaka 1886, ukapita katikati ya nchi ya Wamaasai. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia pande zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza, na huduma nyingi ziliunganishwa: reli, posta, forodha, baadaye ndege. Jumuiya ya kwanza ilianza rasmi tarehe 1 Desemba 1967 ikiwa na nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, ikavunjika mwaka 1977.

Kuvunjika huko kulikuwa na maana halisi kwa watu wa kaskazini mwa Tanzania. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa muda wa zaidi ya miaka sita biashara halali kati ya Arusha na Nairobi ilisimama. Biashara isiyo halali haikusimama. Ilihamia njia za panya, na msamiati huo haujatoka midomoni mwa watu wa mpakani mpaka leo. Mgawanyo wa mali za Jumuiya ya zamani ulikubaliwa Arusha mwaka 1984.

Jumuiya ya sasa ilianza kazi tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, hivyo wanachama wakawa wanane. Makao makuu yapo Arusha.

Katesh na barabara ya Namanga

Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang katika mkoa wa Manyara, haipo mpakani. Ipo chini ya mlima Hanang, kwenye barabara itokayo Singida kwenda Babati. Hata hivyo ni mahali pazuri pa kuona jinsi Jumuiya inavyofanya kazi, kwa sababu mazao na mifugo ya Hanang na ya wilaya jirani ya Mbulu hutafuta soko upande wa kaskazini: Babati, Arusha, Namanga, kisha Kenya. Hadi mwaka 2002, mkoa wa Manyara ulipoundwa, wilaya hizo zilikuwa sehemu ya mkoa wa Arusha, na mwelekeo wa biashara haukubadilika pamoja na mipaka ya mkoa.

Barabara ya Singida–Babati–Minjingu ilijengwa kwa lami kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya Japani. Kipande cha Arusha–Namanga–Athi River kilijengwa kama mradi wa Jumuiya yenyewe na kuzinduliwa mwishoni mwa mwaka 2012. Tangu hapo, lori linalopakia vitunguu au mahindi Katesh linaweza kukanyaga lami hadi Nairobi. Kinacholichelewesha zaidi sasa ni karatasi.

Bidhaa

Itifaki ya Umoja wa Forodha ilitiwa sahihi tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Kanuni yake ni mbili. Kwanza, bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya haitozwi ushuru wa forodha inapotoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine. Pili, bidhaa itokayo nje ya Jumuiya hutozwa ushuru unaofanana popote inapoingilia: asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 liliongezwa daraja la nne la asilimia 35. Baadhi ya bidhaa huitwa nyeti na hutozwa zaidi ili kumlinda mzalishaji wa ndani.

Mfano wa ngano unaonyesha jinsi ulinzi huo unavyoweza kubaki kwenye kitabu. Ngano iliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti kwa ushuru wa asilimia 35. Lakini kwa miaka mingi Tanzania, Kenya na Uganda zimeomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 10 tu, kwa kuwa viwanda vya unga vinahitaji ngano nyingi kuliko inayolimwa humu. Mkulima wa ngano wa Basotu wilayani Hanang kwa hiyo anashindana na ngano iliyopanda meli, na ushuru uliokusudiwa kumlinda hautozwi kwa ukamilifu.

Ili bidhaa ipite bila ushuru, mwenye mali lazima athibitishe ilikotoka kwa cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi, kinachotolewa hapo hapo mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Ni jambo jema ambalo wengi hawalijui. Mtu asiyelijua hulipa kisichostahili kulipwa, au humwachia dalali mzigo wake.

Kufutwa kwa ushuru hakukumaliza vikwazo. Vilivyobaki huitwa vikwazo visivyo vya kiforodha: vibali, vipimo, marufuku za ghafla, vizuizi vya barabarani. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi kiwango kinachoruhusiwa. Suala la afya lilikuwa la kweli; sumukuvu huua. Lakini masharti ya namna hiyo humwangukia zaidi mwenye magunia machache, ambaye maabara iko mbali naye. Tanzania nayo imewahi kufunga mlango kutoka ndani: mwaka 2017 serikali ilizuia kuuza mahindi ghafi nje ya nchi, bei ikashuka mashambani. Jumuiya ina Sheria ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya mwaka 2017.

Kituo cha pamoja mpakani

Zamani lori lilisimama mara mbili Namanga, upande wa Tanzania na upande wa Kenya, na kila upande lilikaguliwa upya. Sasa lipo jengo moja kila upande, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa humo pamoja. Anayetoka Tanzania hupita bila kusimama upande wa Tanzania, huenda moja kwa moja kwenye jengo la Kenya, hugongewa muhuri wa kutoka na ofisa wa Tanzania, kisha kwenye dirisha linalofuata hugongewa muhuri wa kuingia na ofisa wa Kenya. Anayerudi hufanya hivyo upande wa pili. Kituo cha Namanga kilizinduliwa na marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018. Vingine vya namna hiyo vipo Holili, Sirari, Mutukula, Rusumo na Kabanga.

Hapo pana jambo la kisheria ambalo mpita njia halitambui. Ofisa wa Tanzania aliyekaa kwenye jengo la upande wa Kenya anatumia sheria ya Tanzania katika ardhi ya Kenya. Kwa kawaida mamlaka ya dola huishia mpakani, kwa hiyo ilibidi itungwe Sheria ya Jumuiya inayoruhusu kuwepo kwa eneo maalumu ambamo maofisa wa nchi jirani wana nguvu ya kukagua, kukamata na kurudisha. Nje ya eneo hilo ofisa huyo ni mgeni kama wageni wengine.

Watu

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kwa mujibu wake raia wa nchi mwanachama huingia nchi nyingine bila viza na hupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita kama mgeni. Anachoonyesha ndicho kinachotofautiana. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikujiunga na mpango huo. Mtanzania anayekwenda Nairobi anahitaji pasipoti, ambayo tangu 2018 hutolewa kama pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, au hati ya dharura ya safari.

Kutembea ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Uhuru wa wafanyakazi katika Itifaki unahusu tu kazi zilizotajwa kwenye kiambatisho, na kila nchi ilijaza orodha yake. Nyingi ni kazi za wasomi. Kibarua wa kuvuna, dereva wa bodaboda na msaidizi wa dukani hawamo kwa sehemu kubwa. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi. Nchini Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2015, mgeni anahitaji vitu viwili: kibali cha kazi kutoka mamlaka ya kazi na kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji.

Uhuru wa kuanzisha biashara nao umeleta mvutano. Mwishoni mwa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo huduma za fedha kwa simu, saluni, ufundi wa simu na ununuzi wa mazao shambani. Amri haikuwatenga raia wa Jumuiya, na Kenya ililalamika kwamba inapingana na Itifaki. Katika maeneo kama Hanang kipengele cha mazao ndicho kizito. Mnunuzi kutoka nje anayefika mpaka shambani huweza kumpa mkulima bei nzuri kuliko dalali wa jirani. Huweza pia kununua mahindi yakiwa bado mabichi, kwa lumbesa, kwa bei ya njaa. Amri hiyo inamlinda mfanyabiashara Mtanzania. Kama inamlinda mkulima ni swali lingine, na jibu lake hutegemea wanunuzi wangapi wanabaki kijijini.

Suala la ardhi

Wakati wa majadiliano ya Soko la Pamoja, ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo ambayo Tanzania haikukubali kuyalegeza. Matokeo yake ni ibara ya 15 ya Itifaki, inayosema kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitafuata sera na sheria za kila nchi. Raia wa Jumuiya hana haki ya kudai shamba Tanzania kwa sababu tu ni wa Jumuiya.

Historia ya Hanang inasaidia kuelewa woga huo, ingawa aliyechukua ardhi hapo hakuwa jirani wa Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba saba makubwa ya ngano, yakiwemo Basotu, Mulbadaw na Setchet. Kwa jumla yalifikia takriban ekari 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao walijikuta wakishtakiwa kwa kuingia mahali walipokuwa wakichungia tangu zamani. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi na kushinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikipa ushindi NAFCO. Watu walioona ardhi ikihama kwa barua ya serikali yao wenyewe hawaoni sababu ya kuifungulia mlango mpana zaidi.

Polisi

Ibara ya 124 ya Mkataba wa Jumuiya inataka nchi wanachama zibadilishane taarifa za uhalifu, zifanye doria za pamoja na kuruhusiana kuwafukuzia wahalifu wanaokimbia. Lakini kazi ya kila siku hufanyika zaidi kupitia Shirikisho la Wakuu wa Polisi wa Mashariki mwa Afrika (EAPCCO), lililoanzishwa Kampala mwaka 1998. Lina nchi 14, na sekretarieti yake ni ofisi ya kanda ya Interpol iliyopo Nairobi. Miezi michache tu baada ya kuanzishwa, tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa siku moja. Tangu hapo ugaidi haukutoka kwenye ajenda.

Shirikisho si jeshi moja la polisi. Askari wa Tanzania hawezi kumkamata mtu Kajiado kwa sababu tu Tanzania na Kenya zote ni wanachama. Anachoweza ni kutuma taarifa kupitia ofisi ya Interpol ya nchi yake, kuomba mtuhumiwa akamatwe na wenyeji, kisha arejeshwe kwa amri ya mahakama.

Faida ya upana wake inaonekana kwenye njia ya wahamiaji waendao Afrika Kusini. Wengi wao hutoka Ethiopia, hupita Kenya na kuvushwa Tanzania kwa malori. Juni 2012 zaidi ya Waethiopia 40 walikutwa wamekufa baada ya kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya. Ni mwanachama wa EAPCCO. Kwa sheria, anayelipa ili avushwe na anayerubuniwa ili atumikishwe ni watu wawili tofauti. Wa kwanza amevunja sheria ya uhamiaji. Wa pili ni mhanga, na Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inayomtaka alindwe. Mwanzoni askari anayefungua turubai la lori hawezi kuwatofautisha, na mara nyingi wote huishia mahabusu.

Mifugo

Hakuna mahali biashara, uhamiaji na polisi vinapogongana kama kwenye ng'ombe. Ng'ombe mmoja anaweza kuwa bidhaa akienda mnadani, mhamiaji akifuata malisho wakati wa kiangazi, na kielelezo mahakamani akiibwa.

Mwaka 2008 nchi za EAPCCO zilikubaliana itifaki ya kuzuia na kutokomeza wizi wa mifugo. Msingi wake ni utambuzi: mnyama mwenye alama inayojulikana anaweza kudaiwa hata akivushwa mpaka. Tanzania ilitunga Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo mwaka 2010. Wafugaji wa Hanang na Mbulu walikuwa na alama zao za chapa na za kukata masikio kabla ya sheria yoyote, lakini alama hiyo ilisomwa na jirani anayemfahamu mwenye mali, si na askari wa Namanga.

Kuhusu malisho, Jumuiya haijafika mbali. Oktoba 2017 serikali ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,000 walioingia kutoka Kenya kuchunga. Mwezi huohuo vifaranga wapatao 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Nchi za IGAD zilikubaliana itifaki ya mifugo inayohamahama mwaka 2020, lakini Tanzania si mwanachama wa IGAD.

Ulinganisho na Ulaya

Wasomi hulinganisha Jumuiya na Umoja wa Ulaya, na ulinganisho huo unafaa mradi tofauti moja isisahaulike. Mkataba wa Schengen, uliotiwa sahihi Luxemburg tarehe 14 Juni 1985 na nchi tano, ulikusudia kuondoa ukaguzi kabisa kwenye mipaka ya ndani. Ilichukua miaka kumi, hadi Machi 1995, kwa sababu serikali zilitaka kwanza kitu cha kuziba pengo: hifadhi moja ya taarifa za watu na magari yanayotafutwa, kanuni za polisi kumfukuzia mhalifu ng'ambo ya mpaka, na ukaguzi mkali zaidi mipakani mwa nje. Baadhi ya nchi ziliruhusu kufukuzia bila kikomo, nyingine ziliweka mwisho wa kilometa kadhaa. Baadaye lilikuja shirika la polisi la Europol, lililoanza kazi kamili mwaka 1999 huko The Hague.

Hata hivyo mwaka 2015, wahamiaji na wakimbizi zaidi ya milioni moja walipofika kwa bahari, nchi kadhaa zilirudisha ukaguzi wa ndani. Afrika Mashariki haikuondoa ukaguzi. Iliuweka chini ya paa moja. Kwa hiyo haikulazimika kujenga hifadhi ya taarifa ya pamoja kwanza, na haina haja ya kurudisha kitu ambacho haikukitoa.

Mahakama

Mwananchi anayeona nchi mwanachama imevunja Mkataba anaweza kushtaki mwenyewe katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyopo Arusha. Aprili 2011 mwanasheria Mkenya Samuel Mukira Mohochi alizuiwa kuingia Uganda kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa bila kuelezwa sababu. Mei 2013 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba na Itifaki ya Soko la Pamoja. Nchi inaweza kumkataa raia wa Jumuiya kwa ajili ya usalama, lakini haiwezi kumkataa kimyakimya.

Katika shauri jingine matokeo yalikuwa tofauti. Baada ya mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, watuhumiwa kadhaa walichukuliwa Kenya na kupelekwa Uganda, wakadai kwamba utaratibu wa kisheria wa kurejesha watuhumiwa haukufuatwa. Mwaka 2013 Kitengo cha Rufani kilitupa shauri lao kwa sababu lilifunguliwa nje ya muda. Mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tu, kuanzia siku ya kitendo anacholalamikia au siku alipokifahamu.